Risasi ya Tatu

Nimetoka Ipole kwa baiskeli, kibali cha polisi mfukoni,
kimekunjwa mara nne, mhuri umeanza kufifia kwa jasho.
Sikonge, mwezi wa tisa: miyombo imechipua majani mekundu
kana kwamba msitu umekosea majira.

Bi Kalunde alifungua kanga. Mdomo hakuufungua.
Ndani, bunduki ya marehemu Msabila,
ile inayojikoki yenyewe,
kitako kimechujuka pale shavu lilipozoea.

Nikatoa kasha. Chemba, tupu. Nikatazama tena.
Nikavuta boliti, nikaweka ukucha udake mwanga,
nikachungulia kwa mbele:
mifuo inang'aa, inajisokota kama moshi wa kufukuzia nyuki.
Nikanusa. Mafuta ya cherehani.
Springi ya kasha inasukuma kwa uvivu,
kijana aliyeamshwa alfajiri kumwagilia kitalu cha tumbaku.

Kisha nikaiona mikwaruzo,
midogo, mingi, kando ya tundu la kutemea maganda.
Chuma hakijikuni chenyewe.
Hapa kisu kimepita mbio, mkono ukitetemeka.

"Hukwama?"

Akaingia chumbani, akarudi na daftari la mauzo.
Nyuma ya kilo na madaraja ya tumbaku, mwandiko wa Msabila:
tarehe, mnyama, risasi ngapi,
na nukta nyekundu kila ilipogoma.
Mwanzoni nukta moja kwa ukurasa.
Halafu tatu.
Halafu surua.
Karibu zote, risasi ya tatu.

Ukurasa wa mwisho una tarehe, na neno *nyati*.
Hauna hesabu.

Tukaenda nyuma ya bani bovu, kopo juu ya kichuguu.
Ya kwanza, kopo likaruka.
Nikalirudisha. Ya pili, likaruka.
Ya tatu: kimya,
ganda limesimama wima mlangoni
kama mgeni asiyejua aingie au atoke.

"Wawili waliokutangulia walitaka nipunguze bei," akasema.
"Nikawaambia, tafuteni fundi kwanza, abadili springi, aje anionyeshe.
Ajali siiuzi kwa bei ya chini."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na pesa, zikawa nzito.

Akaketi juu ya gogo, akapekua daftari mpaka kwenye nyati,
akalowesha ncha ya kalamu nyekundu kwa ulimi,
akaandika chini yake, taratibu, tarehe ya leo.
Kopo. Tatu.
Akaweka nukta.