Shahidi wa Lango

Nilikuwa nimeshika lango, basi.
Hilo naweza kuliapia: chuma baridi, kutu kiganjani,
na upepo wa Shetland, usiojua kunong'ona,
ukinipiga sikio la kushoto, lile zima.

Lowrie Isbister alitema mate mkononi.
Osla akavua glavu. Wakashikana,
wakatikisa mara moja, kama wanaopima uzito wa kitu.
Halafu Lowrie akasema neno.

Miaka kumi na mmoja Osla alilihudumia neno hilo.
Alilichimbia mitaro maji yapate pa kwenda,
akalijengea ukuta, jiwe juu ya jiwe, bila saruji,
akalimwagia chokaa hadi likaota majani.
Kila Novemba, kondoo wakishauzwa,
alimpelekea Lowrie pesa ndani ya boksi la mayai,
noti zimekunjwa pale mayai yanapokaa,
na Lowrie alirudisha boksi tupu.
Risiti? Kuiomba kungekuwa tusi.
Adabu ndiyo iliyokuwa daftari letu.

Kisha Lowrie akaanguka ghalani, asubuhi ya theluji,
na neno likabaki yatima.
Binti yake, Inga, akashuka melini kutoka Aberdeen
ana faili, ana huzuni ya kweli, ana mnunuzi.
"Baba hakuniambia," alisema. Sidhani alidanganya.
Baba yake hakumwambia mtu hata habari za moyo wake.

Wakili wa Osla, kijana wa miwani, alitufafanulia jikoni:
kondoo unaweza kumuuza kwa mdomo,
farasi, trekta kuukuu, nyasi za msimu mzima,
na sheria itakusikiliza, ukimleta aliyekusikia.
Lakini ardhi inataka wino.
"Ila," akasema,
na sote tukaiinamia hiyo *ila*
kama watu juu ya moto mdogo,
"mwenye mali akimwona mtu anajenga, naye akanyamaza,
kimya chake nacho chaweza kumfunga.
Mradi ijulikane walikubaliana nini."

Wakanigeukia mimi.

Lerwick, mahakamani. Suti niliyomzikia Lowrie
bado ina udongo kwenye pindo.
Wakili wa Inga, mama mpole, sauti ya mwalimu wa chekechea:
"Alisema *nakuachia*. Sawa.
Kumwachia alishie, au kumwachia liwe lake?"

Nikairudia siku ile, hatua kwa hatua:
lango, kutu, mate, glavu.
Midomo ya Lowrie inafunguka. Inafumba.
Katikati pana upepo tu,
naye hakuitwa shaurini.

Osla alikaa mbele yangu, mikono mapajani,
chokaa kwenye kucha ambayo sabuni imeshindwa kuitoa.
Nilijua alichonunua.
Kisiwa kizima kilijua; hata kondoo, kwa jinsi walivyolala pale.
Lakini sikuulizwa ninachojua.
Na uongo, ungekuwa mdogo kiasi gani!
Silabi mbili tatu, kumrudishia mtu jasho lake.

"Nilisikia *nakuachia*," nikasema.
"Mengine sikusikia."

Osla hakuniangalia. Baadaye, nje,
alinipa nusu ya mkate wake, tukala tumesimama.

Hukumu bado. Ukuta upo.
Mimi usiku namkumbuka yule karani,
vidole vyake vikigonga taratibu, *si-ku-si-ki-a*,
akaweka nukta.
Katika biashara yote ile,
ndilo neno la kwanza kuandikwa.