Nusu Kilo

Ayuma amerudi likizo kutoka chuo
na daftari lenye kona zilizokunjwa.
Ameliacha mezani, akaenda kuoga.
Nimelifungua nikitafuta karatasi tupu tu.

"Wayunani wa kale," ameandika,
"waliona furaha si kicheko wala si shibe,
ni maisha mazima yaliyotendwa vizuri."
Chini yake, mstari wa wino mwekundu.

Miaka kumi na tisa napima majani chai
hapa kituoni, bonde la pili ukitoka Kaimosi.
Mzigo unaning'inia, mshale unatetemeka,
nami nausoma kabla haujatulia.
Nusu kilo. Tunaiita unyevu.
Tunaiita uzito wa gunia
hata kwa mama aliyeleta kikapu.
Jioni nazikusanya nusu zote chini ya namba 417,
mkulima asiye na shamba wala kaburi,
na mwisho wa mwezi hulipwa kabla ya wengine.

Nikaendelea kusoma, nikitafuta mlango wa kutokea.
Asiyejua husamehewa.
Lakini niliyaona macho ya Kadenyi yakiufuata mshale,
midomo yake ikihesabu kimya kimya.
Aliyelazimishwa huhurumiwa.
Nani alinishika mkono?
Bwana Kisia alisema tu, siku yangu ya kwanza,
"Kila mtu hapa ana namna yake ya kusoma,"
akakohoa, akaenda kunywa chai.

Basi ni tabia, nikasema, na tabia ni ngozi.
Nikageuza ukurasa.
Mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga,
mpiga litungu kwa kulipiga.
Kumbe ngozi hii niliishona mwenyewe,
nusu kwa nusu,
na sindano ilikuwa mkononi mwangu.

Ayuma ametoka bafuni, taulo kichwani.
"Baba, umeelewa chochote humo?"
Nikamwambia mwandiko wake ni mbaya.
Sikumwambia nimepiga hesabu:
daftari, wino, karo, nauli,
ni magunia mangapi ya watu.

Kesho saa nne nina zamu.
Kadenyi atakuwa wa tatu kwenye foleni, kama kawaida,
shali lake limelowa umande wa alfajiri.
Nitangoja mshale utulie.
Nitaandika pale uliposimama.
Sitakuwa mwema kwa hilo; mche mmoja si shamba.
Mkono utataka njia yake ya zamani,
nami nitauongoza polepole
kama mtoto wa darasa la kwanza
anayeandika jina lake.

Na huyo 417,
bado sijui nitamzika wapi.