Kinu Kisichosaga

Urmas ameniletea orodha saa kumi na moja jioni,
theluji imeshaketi juu ya tandiko la baiskeli yangu
pale nje, Mtaa wa Lai, Tartu:
"Liivika, watu wanalalamikia gumzo letu.
Wanataka vikatuni vya kucheka.
Wanataka kujua kama mwenzao anaandika au amesinzia.
Na kile kichujio cha matusi, tafadhali,
kimempaka nyota bibi mmoja wa Pärnu
kwa kutaja tu jina la kijiji chake."

Nikacheka. Nikabandika maji ya chai.
Nikaingia kwenye mitambo kwa uvivu wa mtu
anayefagia nyumba isiyo yake.

Mchezo wetu unaitwa Kinu. Kete tisa kwa tisa.
Ukipanga tatu mstari mmoja, kinu kimefunga,
unakula kete moja ya mwenzako.
Akibaki na mbili, kwaheri.
Na kwaheri yetu ni kwaheri kweli:
sekunde sitini, dirisha la gumzo linajifunga,
yaliyosemwa yanafutika kama pumzi kwenye kioo.
Sheria hiyo niliiandika mimi,
miaka saba iliyopita, kwa mstari mmoja,
ili seva isijae. Diski zilikuwa ghali.
Sikumuuliza mtu.

Ndipo nikaiona meza nambari 20817.
Imeanza Machi ya mwaka juzi. Haijaisha.
Hatua elfu moja mia nne na kitu.
Nikasema, hizi ni roboti, nizing'oe.
Nikasogeza kiti.

Hulda44, Visby: kete sita.
Põder, Kuressaare: kete tatu.
Hulda ana mbili zimekaa, ya tatu iko mlangoni,
hatua moja tu, mtoto wa chekechea angeiona.
Haiingizi.
Leo anaipeleka kushoto, kesho anairudisha.
Naye Põder, mwenye ruhusa ya kuruka popote,
hazibi.
Anasogea, anarudi,
kama mtu anayempisha mgeni kwenye korido nyembamba
na mgeni naye anampisha yeye.

Maneno yao yako chini ya ubao. Funguo ninazo.
Sikufungua.
Nilitazama hesabu tu: herufi laki nne,
nyingi kati ya saa tisa na saa kumi usiku,
saa ambayo mtu mzima hana wa kumwamsha.

Chai ilipoa nikiiangalia.
Mtu ameshika ushindi wake kiganjani
karibu miaka miwili, haukunjui mkono,
kwa ajili ya mstari wangu mmoja.

Vikatuni vitasubiri.
Bibi wa Pärnu, nivumilie hadi Jumatatu.
Nikaufuta ule mstari, nikaandika mwingine:
mchezo ukiisha, dirisha libaki wazi
mpaka wawili wenyewe waseme basi.
Ukagoma mara mbili. Nilisahau nukta-mkato, mimi na umri huu.
Saa nane na dakika kumi nikaupandisha hewani,
pamoja na tangazo dogo la kijivu
ambalo hakuna anayesoma matangazo angelisoma.

Nikajilaza na viatu.

Saa tisa na robo Hulda akaingia.
Kete yake ikakaa palepale kushoto, dakika arobaini.
Labda alikuwa anatafuta miwani.
Labda alikuwa anasoma, anarudia, haamini.
Kisha ikasogea, hatua moja.
Kinu kikafunga.
Meza 20817, imeisha. Mshindi: Hulda44.

Nikahesabu kwa mazoea, mgongo umenyooka.
Hamsini na nane. Hamsini na tisa.
Sitini.
Sitini na moja.

Ubao mtupu, upepo dirishani,
na ile hesabu ya herufi, upande wa Kuressaare,
ikapanda kwa nne.
Sijui ni neno gani.
Ikapanda kwa kumi na moja.
Kisha upande wa Visby,
kisha nikazima skrini, maana hayanihusu.