Faili la Februari

Mashine ilitufikia imeshatumika,
gurudumu moja limelika upande,
na tumboni mwake, nilipoiwasha uani kwa karakana,
mlikuwa na faili lililosahauliwa:
kilomita moja ya barabara, mwezi wa Februari,
mji ambao jina lake ulimi wangu hauliwezi.

Nikalifungua.
Lami. Kokoto. Kisha barafu,
na chini ya barafu mchanga, na chini ya mchanga mwamba,
tabaka kwa tabaka, kama chapati iliyochanwa ingali moto.
Baridi ya huko, alinambia fundi aliyeileta,
huigandisha ardhi hadi ikaacha kuficha:
wimbi likishuka, hurudi na habari.

Hapa ni saa nane za usiku.
Mimi na Kitsao twaisukuma Ndia Kuu
polepole, mwendo wa aliyebeba uji wa moto.
Unyevu wameza. Chumvi yameza.
Shibiri tatu chini, kioo chaingia kiza,
kama mtu aliyeulizwa mambo ya nyumbani kwao
akatazama kando.

Shekuwe wa tanuri katoa kichwa dirishani,
unga hadi kwenye viwiko.
"Nyinyi, mwatafuta nini?"
"Uwazi," Kitsao akamjibu.
"Uwazi? Si mje mutazame mfuko wangu!"

Tulikuwa bado twacheka
mstari ulipojikunja.
Mbele ya mlango wake, hapo penye jiwe kavu la matumbawe,
upinde ulitokea kiooni, bakuli lililofudikizwa,
nyusi ya mtu aliyeshtuka.
Upana wa kitanda.
Juu yake, lami ya unene wa kiganja,
na juu ya lami, kila alfajiri,
pikapu yenye magunia arubaini.

Kicheko kilikatika kwetu kwanza, kisha kwake.
Kitsao akachutama, akachora duara kwa chaki.
"Mwambie wa unga asimame kule."
Hakuuliza kwa nini. Aliangalia miguu yake.

Asubuhi kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa.
Ikaniuliza: nifute lipi?
Lile la ugenini halinifai kitu;
barafu yake imeshayeyuka,
pengine na barabara yenyewe imeshafukuliwa.
Kidole kikakaa juu yake muda.

Nikafuta kiza chetu cha Makupa, mita mia nne.
Februari ya watu nikaiacha.