Asilimia Sitini na Moja

Tulikuwa tuondoke alfajiri, Mtwara hadi Dar:
mimi, mama, kilo ishirini za korosho iliyobanguliwa,
na wanaume wawili ambao hawajakubaliana neno
tangu siku ilipohesabiwa mahari yangu.

Kaka yangu Mfaume ana Noah ya petroli,
mlango wake wa nyuma hufungwa kwa kamba.
Mume wangu Dadi ana gari la umeme,
limeshuka melini mwezi wa tatu,
linatembea kama paka aliyeiba dagaa.

"Kilomita mia tano na ushei," akaanza Mfaume,
akikunja vidole kama anayedai:
"Mingoyo. Mchinga. Nangurukuru. Somanga. Ikwiriri.
Nionyeshe soketi moja humo njiani.
Mimi nikikaukiwa, yupo kijana na chupa yake
hata porini, hata saa nane za usiku.
Wewe utaomba nini? Radi?"

Dadi hakupaza sauti. Alifungua daftari.
"Safari iliyopita ulichoma laki na sabini.
Mimi nikichaji nyumbani, elfu thelathini na kidogo.
Na umeme wenyewe ni gesi ya Msimbati,
mali ya hapa hapa. Petroli yako kwao wapi?"

"Mali ya hapa!" Mfaume akacheka mpaka akakohoa.
"Bomba la gesi limefika Dar kabla yako, shemeji,
na halikusimama kuchaji."

Nilicheka. Dadi akaniangalia.
Nikarudi kwenye korosho.

Ubishi ulikula nasi ugali, ukanawa mikono,
ukadai chai. Bei ya betri. Bei ya plagi.
Mvua ikikata barabara Somanga, nani atalala na feni?
Nani atachoma hela huku amekaa?
Mama alikuwa pembeni, anakunja khanga,
anaikunjua, anaikunja tena.

Saa nne na dakika saba, umeme ukakatika.
Chikongola nzima ikaguna kwa koo moja.
Kwenye kioo cha gari la Dadi:
asilimia sitini na moja.

Mfaume hakusema kitu. Hakuwa na haja.
Alichukua funguo, akaenda kujaza tangi,
mluzi wake tukausikia mpaka kona ya msikiti.

Akarudi baada ya nusu saa. Mluzi haukurudi naye.
Kumbe pampu nayo hunywa umeme,
jenereta la kituo ni bovu,
na fundi wake yuko Masasi, msibani.

Hapo ndipo mama aliposema, gizani,
kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi:
"Ile safari ya Noah niliomba tusimame Mchinga.
Ukasema, mbele kidogo.
Nikaomba Mbwemkuru. Ukasema, tunakwenda vizuri.
Mimi namezeshwa vidonge vya presha, Mfaume.
Nangurukuru nilifika nimeng'ata khanga."

Kimya. Mbu tu.

"Hilo la Dadi, Lindi litapumzika muda gani?"
"Saa tatu, mama. Kama umeme upo."
"Lindi yupo mdogo wangu Zainaba,
tangu arobaini ya baba yenu hatujaonana.
Saa tatu zinatosha kumkaripia, na chai juu."

"Kwa hiyo umechagua umeme?" Mfaume akauliza,
sauti imeingia mchanga.

"Nimechagua choo," akasema mama,
akaenda kulala.

Wakabaki wawili na tochi ya simu,
wanahamisha korosho kutoka buti hadi buti,
kisha wanairudisha, bila kuulizana kwa nini.

Saa tisa taa zikarudi. Aliyekuwa macho ni mimi peke yangu.
Nikachomeka gari la mume wangu.
Kisha nikaenda kumtikisa kaka yangu bega:
amka, wahi kituoni, foleni haijaanza.