Mita Ishirini na Mbili

Miaka kumi na tisa nimewafundisha watoto wa watu riba
ubaoni, kwa chaki, bila huruma:
mkopo mara kiwango mara muda, gawanya kwa mia.
Kengele ikilia wanafuta, wanaenda zao.

Kisha afisa wa mikopo, kijana wa tai ya zambarau,
akanigeuzia kioo cha kompyuta pale Upper Hill
nami nikawa mwanafunzi.
Tumelipa, Musembi na mimi, miezi mia na minane,
elfu arubaini na saba kila tarehe tano,
pamoja na ule mwezi wa mgomo,
pamoja na ule wa matanga ya baba.
Jumla: milioni tano na ushei.
Deni la milioni nne limepungua laki saba.
"Riba hula kwanza, mwalimu," akasema kwa upole,
kama mtu anayemweleza mgeni desturi za kwao mezani.
"Deni lenyewe hupata makombo. Mkikaribia mwisho ndipo..."
Lakini sisi hatungoji mwisho. Tunahama.

Haba na haba hujaza kibaba, mama alinifunza.
Sikuuliza kibaba ni cha nani.

Tunahama kwa sababu Ndinda ana miaka kumi na minne
na analala nyuma ya pazia, kaka yake akikoroma upande wa pili;
kwa sababu mama mkwe haziwezi tena ngazi za Donholm,
ghorofa ya nne, goti likilia kama bawaba;
kwa sababu, niseme kweli, niliiona lifti ya Kilimani
na kioo chake, nikajiona humo
kama mtu ambaye mambo yamemnyookea.

Haya, hesabu. Donholm inauzwa milioni sita na laki mbili.
Benki inakata salio lake kwanza.
Dalali anakata. Wakili anakata.
Serikali inataka ushuru wa stempu, asilimia nne,
kwa stempu ambayo sijawahi kuilamba.
Mthamini alikuja na futikamba na viatu vya matope,
akakaa dakika kumi na moja, akaacha ankara na nyayo.
Kilichosalia, milioni mbili na laki mbili,
ndiyo amana ya nyumba ya milioni tisa na laki sita.
Na mkopo mpya hauanzii tulipofika.
Riba inarudi mezani, imeshanawa mikono.
Elfu tisini na mbili kwa mwezi, miaka kumi na sita,
maana nina arubaini na nne
na benki haikopeshi uzee.

Siku ya makabidhiano Bi Nyaboke, wakili wetu,
alitoa hatimiliki iliyolala miaka tisa kwenye kabati la benki,
rehani imefutwa, muhuri bado mbichi.
Musembi akainusa. "Inanuka chuma," akasema.
Kwa dakika arubaini, mnunuzi akiwa amekwama Mombasa Road,
nyumba ya Donholm ilikuwa yetu, yote, hadi vitasa.
Hatukuwamo. Tulikuwa kwenye viti vya plastiki
tukinywa chai isiyokolea.
Akafika, akaomba radhi kwa foleni. Tukatia sahihi.

Sasa niko Kilimani, peku, napima kwa hatua.
Mita za mraba tisini na sita, laki moja kila mita:
hesabu inayogawanyika vizuri hivyo hunitia shaka.
Ishirini na mbili ni zetu. Jikoni, kijia,
na kipande cha sebule hadi kwenye kigae hiki chenye ufa.
Kwingine kote tu wageni wa benki.
Nimepiga mstari kwa chaki, nacheka peke yangu.

Mlango wa lifti unafunguka. Mama mkwe haulizi kitu.
Anauvuka mstari kwa mkongojo wake,
anachagua kona yenye jua, ndani kabisa ya mita za benki,
anaketi juu ya gunia la sufuria.
"Hapa pananifaa," anasema. "Majani ya chai mmeyafunga wapi?"