Nta Magotini

Sketi ya kijivu huletwa kwangu kila Jumatatu,
imekunjwa mara nne, haisemi kitu.
Naitandaza mezani, sehemu ya magoti juu,
naweka karatasi ya kaki, kisha pasi isiyo kali,
na karatasi inaanza kunywa.
Nta inatoka polepole. Doa linapanuka
kama pumzi ya mtu aliyekaribia kioo mno.

Miaka kumi na tisa sasa.
Mimi ni Lamzira, wa mavazi, chumba cha chini,
mlango wa tatu baada ya boila.
Yeye ni Darejani Tsiklauri,
na Tbilisi nzima inamjua: uso wake umepita
ubavuni mwa mabasi, kwenye chupa za maji ya madini,
na wanaume wazima humsimamia mkahawani
kana kwamba umepigwa wimbo wa taifa.

Hawajui kwamba alfajiri,
kanisa likiwa tupu na baridi kama kisima,
hupiga magoti na kisu butu cha siagi
akakwangua nta ya mishumaa ya Jumapili,
mishumaa ya watu walioombea figo, mtihani, viza ya Ujerumani.
Hukusanya mabaki kwenye kopo la kahawa.
Bibi mwuza mishumaa humwita "wewe msichana."
Ana miaka hamsini na sita.

Waandishi humwuliza: imani imekusaidiaje?
Huwajibu: imenizoesha kuamka mapema.
Wanacheka, wanaandika, wanaondoka
wakidhani wamenyimwa jibu.

Mimi siamini. Baba alifundisha fizikia,
alitulea kwa kanuni na supu ya maharagwe.
Nilimwambia siku ya kwanza, pini zimejaa mdomoni.
Akasema: basi wewe angalia pindo.

Na msidhani ni malaika.
Nimemwona akimrushia mwongozaji kiatu,
kiatu cha malkia, kisigino cha chuma.
Kwaresima ikifika njaa humfanya mkali kama siki:
anatukana, anaomba radhi, anatukana tena.
Sijui hesabu yao hufungwaje,
yeye na huyo wake.

Nodari alipokufa, mwanawe wa pekee,
barafu, njia ya Kazbegi, Februari,
alitamka neno mlangoni mwa kanisa
ambalo kasisi hakuthubutu kulirudia.
Akaacha kuimba na wenzake. Akaacha kubusu picha za watakatifu.
Hakuwasha hata mshumaa mmoja hadi theluji ikayeyuka.
Nikasema moyoni: yamekwisha. Na nikaona, aibu yangu,
ahueni kidogo,
kama mtu aliyeshinda ubishi bila kufungua kinywa.

Jumatatu sketi ikaja.
Imekunjwa mara nne.
Nta nyingi kuliko zamani.

Nilimwuliza, mara moja tu katika miaka yote:
kama husemi naye, unakwangua nini?
Alikuwa akijipaka wanja. Hakugeuka,
alinitazama kupitia kioo:
Lamzira, sakafu ilikuwa chafu.

Usiku ule aliigiza mama anayezika.
Ukumbi ulilia, magazeti yakasifu ufundi.
Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sindano yangu
nikitazama namna alivyoshuka:
kwanza kiganja cha kushoto, kikipapasa mbao,
kisha goti, kisha lile jingine, bila pupa,
kama mtu anayeijua sakafu kwa jina.
Hakuna shule inayofundisha hilo.
Au ipo, sijui. Niliachia darasa la nane.

Karatasi za kaki sizitupi.
Ninalo rundo nyuma ya boila,
kila moja na madoa yake mawili.
Ukiinua moja mbele ya taa,
pale palipokunywa nta panapitisha mwanga,
kwingine kote ni karatasi tu.
Sijui naziwekea nini.
Fundi wa boila amelalamika mara mbili, anasema zitashika moto.
Namwambia nitazitupa kesho.